Zimwi Darasani: Masomo ya Uzamivu na Fasihi Simulizi ya Kitui na Makueni

Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamivu wa fasihi atokaye Kitui au Makueni aghalabu huingia darasani akiwa na mada yake mkononi. Atachunguza nyimbo za harusi, au methali za wazee, au ngano alizozisikia utotoni. Msimamizi amekwisha kuidokezewa mada hiyo, na watu watakaohojiwa anawajua kwa majina, wengine wakiwa jamaa zake. Kwa mtu wa namna hii, mwaka mzima wa masomo ya darasani huonekana kama kizuizi cha barabarani: husimamiwa kwa subira, hulipiwa, kisha safari huendelea. Makala za semina huandikwa juu ya chochote kilicho karibu, hupewa alama, zikasahaulika. Baadaye mwanafunzi hurudi kwao na kinasasauti na hojaji, akakusanya ngano hamsini, na tasnifu inapokamilika msomaji hukuta ndani yake yale yale aliyoyasoma katika tasnifu iliyotangulia: kwamba ngano huelimisha, huburudisha, huonya, na hudumisha utamaduni wa jamii.

Makala haya yanashikilia kwamba hasara hiyo haitokei nyanjani. Hutokea darasani, katika ule mwaka ambao mwanafunzi alipewa nafasi ya kusoma matini moja polepole mbele ya wenzake na akaitumia nafasi hiyo kujikusanyia alama. Orodha ya dhima ni kimbilio la mtu ambaye hakupata kuulizwa swali gumu kuhusu hadithi yake kabla hajairekodi. Maadamu watambaji wenyewe ni watu wazima sana, na baadhi yao hawatakuwapo masika yajayo, kosa hilo si la kitaaluma tu. Mtafiti asiyejua la kusikiliza humrekodi mtambaji mara moja, na mara hiyo ndiyo ya mwisho.

Historia ya jambo hili haihitaji maneno mengi. Shahada ya uzamivu katika Afrika Mashariki ilirithiwa kwa Waingereza, na katika urithi huo mtahiniwa hakuketi darasani. Alipewa msimamizi, maktaba na miaka. Mtindo wa kuanza kwa kozi na mitihani, ambao Marekani umezoeleka, ulikuja baadaye, na leo nchini Kenya njia zote mbili zinatumika. Upande wa fasihi simulizi, hatua kubwa ilikuwa ile ya mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwamo, iwekwe katikati. Hoja yao ilishinda, na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kikapelekwa vijijini kukusanya. Swali la namna ya kuisoma hadithi baada ya kuikusanya halikupata mtetezi mwenye sauti kubwa kiasi hicho.

Kwa Ukambani limeongezeka jambo jipya. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao yake Kwa Vonza katika Kaunti ya Kitui, kilianza mwaka 2008 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kikachukua nafasi ya Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, na kilipata hati yake mwaka 2013. Darasa na mtambaji sasa wanatenganishwa na nauli ya matatu. Ukaribu huo una faida yake, ila pia humshawishi mwanafunzi aamini kwamba akiwa karibu na hadithi amekwisha kuielewa.

Zimwi na mzimu

Mfano mmoja utatosha kuonyesha makala ya semina inavyoweza kufanya kazi ambayo ngano hamsini haziifanyi. Katika ngano za Wakamba yumo yule mla watu ambaye kwa Kikamba huitwa eimu. Wanafunzi waandikao kwa Kiswahili humfasiri kuwa zimwi, na tafsiri ni sahihi. Wakiisha kumfasiri humpa dhima: anawatisha watoto wasitembee usiku, anawaonya wasichana wasiolewe na wageni. Hapo uchambuzi huishia.

Lakini Kikamba kina neno jingine, aimu, ambalo ni jina la roho za watu waliokufa, wale wanaopewa sadaka na ambao ngoma ya kilumi huwahusu. Maneno haya mawili hayakufanana kwa bahati. Kiswahili nacho kina jozi hiyo hiyo: zimwi lililo porini na mzimu ulio katika ukoo. Wataalamu wa lugha za Kibantu walikwisha kuuona uhusiano huu zamani. Alice Werner aliugusia katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933. Kwa hiyo si ugunduzi mpya. Cha kushangaza ni kwamba mwanafunzi anaweza kusoma kozi ya isimu katika muhula wa kwanza na kozi ya fasihi simulizi katika muhula wa pili, akafaulu zote mbili, na asiyakutanishe maneno haya mahali popote.

Akiyakutanisha, hadithi hubadilika. Katika masimulizi mengi ya eneo hili zimwi humeza watu na mifugo yao, na linapouawa, kidole chake kidogo hukatwa na wote waliomezwa hutoka wakiwa hai, ng'ombe na mbuzi wakiwafuata. Msomaji wa dhima hana la kusema juu ya kidole hicho. Onyo kwa mtoto lingekamilika vizuri zaidi kama waliomezwa wangebaki wamemezwa. Lakini kama zimwi ni jamaa wa mizimu, basi waliomezwa wako mahali ambako wafu wako, na tumbo la zimwi ni hifadhi kama lilivyo kaburi. Hadithi inaeleza njia ya kurudi. Methali ya Kiswahili isemayo kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha nayo huanza kusikika upya, kwani kujuana na zimwi ni jambo la ajabu mpaka pale zimwi linapofahamika kuwa lilipata kuwa mtu wa nyumbani.

Yumkini usomaji huu ukapingwa, na ni vizuri upingwe. Mtu anaweza kusema kwamba asili moja ya maneno haithibitishi kuwa mtambaji wa leo wa Mutomo au Kibwezi anauhisi uhusiano huo, na kwamba Mkamba wa kawaida haogopi eimu kwa namna anavyowaheshimu aimu. Hoja hiyo ni nzito. Ila ni hoja ya kupelekwa nyanjani: imekuwa swali ambalo mtafiti anaweza kumuuliza mtambaji, au, lililo bora, kulisikiliza katika namna mtambaji anavyoiteremsha sauti anapolitaja jina. Mwanafunzi aliyeandika kurasa kumi na tano juu ya neno moja katika semina huenda Kitui akiwa na sikio lililonolewa, na hojaji yake huwa fupi zaidi.

Isitoshe, matini za kufanyia kazi hiyo zipo bila kusubiri kwenda popote. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza na kuwasilisha tasnifu yake juu ya Wakamba huko Uppsala mwaka 1916, alichapisha ngano, vitendawili, methali na nyimbo zao katika vitabu vitatu vya Kamba Folklore kati ya 1928 na 1935, kwa Kikamba pamoja na tafsiri ya Kiingereza. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa Akamba Stories mwaka 1966. Mmoja ni mgeni aliyeandika kila neno kwa sababu hakujua lipi ni la maana. Mwingine ni mwenyeji aliyewaandikia wasomaji wa Kiingereza, akilazimika kuchagua. Kuziweka kando kwa kando ngano mbili za zimwi, moja ya huyu na moja ya yule, na kuuliza nini kimepotea katika kila moja, ni zoezi la wiki sita. Mwanafunzi asiyelifanya huenda nyanjani kuwa Lindblom wa pili, bila Kikamba cha Lindblom cha miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Unabii uliokwisha kutimia

Mbiti anastahili kurudiwa, kwa kuwa yeye si mkusanyaji tu. Tasnifu yake ya uzamivu ya Cambridge, aliyoimaliza mwaka 1963, ilitumia mawazo ya Wakamba juu ya wakati kuyachunguza mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mambo ya mwisho. Miaka sita baadaye, katika African Religions and Philosophy, wazo hilo lilipanuliwa likawa madai juu ya Afrika nzima: kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na wakati wa sasa mpana, lakini wakati ujao wake ni mfupi mno, wa miezi kadhaa au miaka miwili. Ushahidi mkuu ulikuwa jedwali la njeo za vitenzi vya Kikamba, na majina aliyozipa nyakati hizo mbili kuu, sasa na zamani, aliyachukua katika Kiswahili.

Ni nadra kwa nadharia isomwayo ulimwenguni kote kuwa imezaliwa katika sarufi ya Kitui. Mwanafunzi wa Ukambani anayekutana nayo katika kozi ya nadharia hana haja ya kuipokea kama neno la mgeni, wala hana ruhusa ya kuitaja tu katika mapitio ya maandishi na kuendelea na safari. Wanafalsafa, Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, wamekwisha kuipinga kwa kutumia lugha nyingine. Mhakiki wa fasihi ana ushahidi wa aina yake, nao ni masimulizi.

Chukua masimulizi ya Syokimau, nabii wa kike wa Ukambani, ambaye inasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka kwenye maji upande mmoja na kwenda kwenye maji upande mwingine, akitema moto, na watu wenye ngozi kama nyama wakiwa na moto ndani ya mavazi yao. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu katika eneo ambalo leo ni Makueni, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Nyanza mwaka 1901. Kwa haraka, mwanafunzi ataandika kwamba Syokimau anamshinda Mbiti: hapa pana mwanamke wa Kikamba aliyetazama mbali kuliko miaka miwili.

Ushindi huo si wa kweli, au angalau haujathibitishwa, na hapa ndipo semina inapokuwa na kazi. Masimulizi ya Syokimau yanatambwa na watu waliokwisha kuiona reli. Nyoka hatambuliwi kuwa garimoshi ndani ya unabii. Hutambuliwa na hadhira, ambayo hufurahia kujua kile ambacho nabii mwenyewe hakuwa na jina lake. Wakati ujao wa hadithi hii ni wakati uliopita wa wasikilizaji wake. Kwa mtazamo huo, masimulizi yanamuunga mkono Mbiti kuliko yanavyompinga, kwani yajayo yamepata kusimulika yalipokwisha kuingia katika zamani. Kwa upande mwingine, hadhira hiyo hiyo inakubali bila shida kwamba mtu angeweza kuona hivyo, na jambo hilo Mbiti hakulipa nafasi ya kutosha. Tangu mwaka 2012 kipo kituo cha garimoshi kiitwacho Syokimau karibu na Nairobi, na tangu 2017 reli mpya imepita Makueni kwa mara ya pili. Nyoka ameongezewa mwili na masimulizi yamepata kipindi kipya cha kutambwa. Mtu anayetaka kuona hadithi ikibadilika angalikuwa na la kufanya Emali au Mtito Andei.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji ruhusa ya kwenda nyanjani. Yote yanahitaji vitabu viwili, ramani ya reli, na mwalimu atakayekataa jibu la kwanza.

Majina ya njaa

Kuna tanzu ambazo mwanafunzi hazioni kwa sababu hazimo katika orodha ya tanzu aliyopewa. Wakamba huzipa njaa zao majina. Ile kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 inakumbukwa kwa jina la Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Katika kipindi hicho hicho linatajwa pia jina la Muvunga, ambalo masikio ya Mswahili yatasikia ndani yake mpunga, chakula cha kigeni kilicholetwa kuwalisha wenye njaa. Na ipo ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iitwayo Nikw'a Ngwete, yaani, ninakufa nikiwa nimeshika.

Wanahistoria huyatumia majina haya kama kalenda, na wamefanya vyema. Mhakiki anapaswa kuona zaidi ya kalenda. Ngomanisye ni jina la ukubwa wa jambo, na Muvunga ni jina la kitu kilicholiwa. Nikw'a Ngwete ni sentensi kamili yenye nafsi ya kwanza: mtu anasema, na anasema akifa. Kinachoshikwa ni fedha, na hakitajwi. Mwenye fedha mkononi anakufa kwa kuwa hakuna nafaka ya kununua, na kejeli yote imewekwa katika kitenzi kimoja kisicho na yambwa. Katika muda wa miaka themanini hivi, jamii iliyokuwa ikizitaja njaa kwa ueneaji wake na kwa msaada wake imefika mahali pa kuitaja kwa sauti ya mfanyabiashara au mtu wa mshahara aliyesalitiwa na soko. Huu ni utungo. Ni mfupi kuliko methali, una msemaji, una hali, una kinaya, na umetungwa na watu wengi bila mmoja kudai kuwa wake.

Je, ni utanzu? Kozi ya nadharia ya tanzu humpa mwanafunzi vigezo vya kujibu, na vigezo hivyo vyenyewe huanza kuyumba vikiguswa na mfano huu, jambo ambalo ni afya. Jina la njaa halina mahali pa kutambiwa, halina fomula ya kuanzia kama ile ya kitendawili, ambapo mmoja husema kwata ndai na mwenziwe akajibu kwamba ameikamata. Hata hivyo linaishi muda mrefu kuliko vitendawili vingi. Makala ya semina juu ya majina matatu tu ya njaa ingekuwa na thamani kuliko sura nzima ya uainishaji iliyonakiliwa.

Ubishi wa Okot

Inasemwa mara kwa mara kwamba kozi za uzamivu hujaza vichwa vya wanafunzi nadharia za Ulaya, na kwamba afadhali mtafiti wa fasihi simulizi asiye na mzigo huo. Mfano unaotajwa ni Okot p'Bitek. Katika utangulizi wa African Religions in Western Scholarship, kitabu kilichotoka mwaka 1970, Okot anaeleza kwamba katika mhadhara wa kwanza kabisa aliouhudhuria huko Oxford mwaka 1960 mwalimu aliwaita Waafrika kwa majina ya kuwadunisha, naye akapinga bila mafanikio. Tasnifu yake ya uzamivu ya huko haikukubaliwa.

Wanaoutumia mfano huu kuwashauri vijana wasusie darasa wameusoma kinyume. Okot hakususia. Alikaa, akasoma vitabu vya waalimu wake kwa makini kuliko walivyotaka visomwe, na kitabu chake ni jibu la mtu anayezijua hoja anazozivunja, moja baada ya nyingine. Ndani ya kitabu hicho hicho aliwashambulia pia Waafrika wenzake, Mbiti akiwa mmojawapo wa waliolengwa na shutuma zake, kwa kuivisha dini ya Kiafrika joho la Kigiriki. Mtu anaweza kuona kwamba alizidisha. Katika suala la Mbiti, ukali wake ulimzuia kuona thamani ya ile kazi ya njeo. Lakini ubishi wake ulikuwa na mahali ulipoanzia, nao ulianzia darasani, kwa mwanafunzi aliyeinua mkono siku ya kwanza.

Mwanafunzi anayenyamaza katika semina kwa heshima ya mwalimu, kisha akalalamika kwenye kantini kwamba nadharia haiwafai Wakamba, amejinyima Okot na amejinyima nadharia pia. Heshima kwa mwalimu haipungui kwa swali lililoulizwa kwa adabu. Waalimu nao, ni lazima isemwe, hawajafanya swali liwe jepesi kuulizwa. Semina ambayo mwalimu anasoma madokezo yake tangu mwanzo hadi mwisho ni mhadhara tu, hata ikiitwa semina katika ratiba.

Lugha tatu na kosa la kwanza

Limesalia jambo la kiufundi ambalo huonekana dogo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayechunguza fasihi ya Kikamba hufanya kazi kwa lugha tatu: matini ni ya Kikamba, tasnifu ni ya Kiswahili, na sehemu kubwa ya nadharia ni ya Kiingereza. Kila hatua ni tafsiri. Istilahi za Kiswahili zimeimarika sana tangu TUKI ilipotoa kamusi yake ya isimu mwaka 1990 na K. W. Wamitila alipotoa Kamusi ya Fasihi mwaka 2003, lakini kamusi haiwezi kumwambia mtu kama wano wa Kikamba ni ngano, hekaya au vyote viwili. Uamuzi huo huchukua muda, na muda uliopo ni ule wa darasani.

Vivyo hivyo kuhusu unukuzi. Kosa la kwanza la unukuzi hufanywa na kila mtu: nyimbo zilizo ndani ya ngano hufupishwa, takriri hufutwa kwa kudhaniwa kuwa ni usahaulifu wa mtambaji, na kicheko cha hadhira hakiandikwi. Likifanywa kwenye hadithi moja katika semina, wenzake watamsahihisha. Likifanywa kwenye hadithi hamsini baada ya leseni ya utafiti ya NACOSTI kutolewa na fedha za safari kutumika, hakuna atakayelisahihisha, na kinasasauti kitakuwa kimekwisha kufutwa ili kitumike tena.

Lahaja nazo hazifanani. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, na Kikamba kilichozoeleka katika maandishi kimeelemea upande huo. Ng'ambo ya Mto Athi, Kikamba cha Kitui kina maneno na matamshi yake. Binti wa Wote anayerekodi huko Mutitu anaweza kusikia neno aimu mahali alipotazamia eimu, katikati ya hadithi ya mla watu, kutoka kwa bibi wa miaka themanini ambaye hakukosea. Kama hakupata kulifikiria neno hilo, atalisahihisha wakati wa kunukuu, na msomaji hatajua kamwe kwamba lilitamkwa. Kama alikwisha kuliandikia kurasa kumi na tano, ataacha kuuliza swali lililofuata katika hojaji yake, atanyamaza, na atamwacha bibi aendelee.